UZI: Wenye nyumba wa Malindi, sheria yatudai nini sisi kabla ya sisi kudai kodi?

#1 Mama Vyumba Sita

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Naandika kama mwenye nyumba. Mimi si wakili, lakini mwaka jana sheria ilinigongea mlango, na tangu siku ile sijaacha kuisoma na kuwauliza wanaoijua. Nataka wenzangu tunaopangisha vyumba hapa mjini wasikie, maana wengi wetu tulirithi nyumba ila hatukurithi maelezo.

Nyumba yangu iko Barani. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Marehemu mama aliijenga kidogo kidogo kwa pesa za maandazi. Chumba ni shilingi 2,300 kwa mwezi. Hakuna mpangaji niliyeandikishana naye, tumezoea hivyo, mtu huja akaonyeshwa chumba, akalipa, akapewa ufunguo.

Masika ya mwaka jana paa la upande wa nyuma lilianza kuvuja. Chumba cha tano alikaa dada mmoja muuza mboga, yeye na mwanawe wa darasa la nne. Akaniambia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara nilimjibu kuwa fundi anakuja. Mvua ziliponyesha hadi godoro likaoza upande mmoja, akasema kodi halipi mpaka paa lizibwe. Nikapandwa na hasira. Nikaenda na kufuli langu yeye akiwa sokoni, nikafunga chumba na vitu vyake vyote ndani. Usiku ule walilala kwa jirani. Asubuhi mtoto hakwenda shule kwa sababu sare zilikuwa ndani ya chumba nilichofunga mimi.

Siku tatu baadaye nikaletewa barua kutoka kwa wakili anayesaidia watu wasio na uwezo. Niliisoma nimesimama barazani, kisha nikaketi. Kila jambo nililodhani ni haki yangu lilikuwa limeandikwa pale kuwa ni kosa langu.

Nililojifunza la kwanza ni hili. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 65, inaweka ahadi ndani ya kila upangaji, hata ule wa mdomo, hata kama hamkutamka neno. Mwenye nyumba anahesabiwa ameahidi kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa, kwamba chumba kinafaa mtu kuishi siku anapoingia na kitaendelea kufaa muda wote atakaokuwamo. Na ukipangisha sehemu ya jengo, kama mimi na vyumba vyangu, basi paa, kuta za nje, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu yako wewe kuzitengeneza. Kwa hiyo lile paa lilikuwa deni langu tangu siku aliyonipa kodi ya kwanza. Mimi nilikuwa nikiliona kama hisani nitakayomfanyia nikipata nafasi.

La pili, kufuli. Nitalieleza nikipata nguvu. Wenye maswali waulize, na kama nimekosea mahali nisahihisheni.

#2 Mpangaji wa Muyeye

Shukran sana mama kwa kusema wazi. Sijawahi kusikia mwenye nyumba akisema maneno haya.

Mimi niko Muyeye, vyumba viwili na jiko, nalipa 9,000. Ploti ina familia nane na karo moja la choo. Limejaa tangu mwezi uliopita, maji machafu yanatoka kwenye mfuniko na kupita mbele ya milango, na watoto wanacheza hapo hapo. Mwenye nyumba yuko Mombasa. Mwangalizi wake anatuambia tuchange wenyewe tulete gari la kunyonya choo, kwa sababu "choo mnatumia nyinyi". Hatuna mkataba wa maandishi. Tuna haki gani?

#3 Karani Mstaafu

Salamu kwa wote. Nilikuwa karani mahakamani kwa miaka mingi, sasa niko nyumbani na minazi yangu. Mama amesema sawasawa kuhusu kifungu cha 65. Naongeza palipo na utata, kwa sababu watu wengi huambiwa "nenda kwenye jopo la kodi" wakafika huko wakarudishwa.

Nyumba za kuishi ziko za aina mbili mbele ya sheria. Zile ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zinasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, na zina jopo lake la kusikiliza mizozo. Vyumba vya mama vya 2,300 vimo humo. Ile ya Muyeye ya 9,000 haimo. Kiwango hicho cha 2,500 ni cha zamani sana, cha enzi ambazo pesa hiyo ilipangisha nyumba nzima, na kwa maoni yangu ni aibu kwamba kimeachwa hivyo hivyo huku kodi zikipanda kila mwaka. Matokeo yake familia nyingi za mjini ziko nje ya ulinzi ule. Kulikuwa na mswada mwaka 2021 uliotaka kuziunganisha sheria zote za upangaji ziwe moja, lakini mswada si sheria, msiutegemee.

Sasa mwanangu wa Muyeye, kuwa nje ya Sura ya 296 hakukuachi bila kinga. Kifungu cha 65 hakijali kodi ni shilingi ngapi. Na usitishwe na habari ya maandishi: upangaji usiozidi miaka miwili unaweza kufanywa kwa mdomo na ukashika. Karo la choo linalotumiwa na ploti nzima ni la pamoja, si la mpangaji mmoja mmoja.

Tena una njia ya haraka kuliko mahakama. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza mtu kuacha kero ya kudhuru afya iendelee katika jengo lake, na maji ya choo yanayotiririka ni kero isiyobishaniwa. Nendeni wawili watatu kwa afisa wa afya ya umma hapa Malindi, mkiwa na picha. Yeye ana uwezo wa kuja kukagua na kumpa mwenye nyumba ilani ya maandishi aondoe kero hiyo, na akikaidi anapelekwa kortini. Nimeona ilani ile ikimtoa mtu Nairobi mpaka hapa kwa siku mbili, mtu ambaye kwa simu alikuwa hapatikani.

#4 Mpangaji wa Muyeye

Mzee shikamoo. Kwa hiyo tusilipe kodi mpaka atengeneze?

#5 Karani Mstaafu

Marahaba. Hapana, lipeni. Ndilo kosa ninaloliona kila mara. Mkiacha kulipa mnampa silaha: Sheria ya Ardhi hiyo hiyo inamruhusu mwenye nyumba kuanza hatua za kuwatoa kodi ikipita mwezi mmoja bila kulipwa. Mtaingia kortini mkiwa wadaiwa na habari ya choo itasikizwa mwisho. Lipeni kwa M-Pesa ili ibaki alama, na siku hiyo hiyo andikeni barua ya malalamiko, mwangalizi aisaini kwamba ameipokea.

Walio katika nyumba za jopo wana nafuu zaidi. Jopo linaweza kumwamuru mwenye nyumba atengeneze, au likamruhusu mpangaji atengeneze mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi. Lakini uwe na ruhusa kwanza. Yule dada wa chumba cha tano alikuwa na haki ya paa, ila kukata kodi kwa uamuzi wake peke yake kulimweka pabaya.

#6 Mwenye Nyumba Pia

Samahanini, naona mnawafundisha wapangaji tu. Mimi nina nyumba tatu Kisumu Ndogo, nilizijenga kwa mkopo wa chama na bado nalipa. Mwaka huu pekee wapangaji wawili wamehama usiku. Mmoja ameniachia deni la miezi minne na taa zote za ndani ameng'oa. Nilimvumilia kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito. Wahenga wamesema dawa ya deni kulipa. Mtu akinikalia miezi minne bure, nisifunge mlango, nisichukue televisheni yake, nifanyeje? Benki hainipi masika wala kaskazi.

#7 Mama Vyumba Sita

Kaka, nakuelewa kabisa, na hasira yako naijua kwa sababu ndiyo iliyonipeleka na kufuli. Sasa nieleze la kufuli.

Niliambiwa hivi. Chumba ukishampangisha mtu ni makazi yake, hata akiwa na deni. Kumtoa ni kazi ya amri ya mahakama au ya jopo. Kufuli yangu, kukata maji, kutoa mlango kwenye bawaba kama wanavyofanya wengine, kung'oa bati la juu ya chumba chake, yote hayo ni njia za kumtoa mtu bila amri. Na kwa vyumba vya chini ya 2,500, Sura ya 296 inafanya kuwa kosa la jinai kumnyima mpangaji huduma au kumsumbua kwa nia ya kumfanya ahame au akubali kodi ya juu. La jinai, kaka. Nilikuwa mtu wa kushtakiwa.

Vitu vya ndani vilevile. Wewe mwenyewe huwezi kuingia ukachukua televisheni, hata deni likizidi bei yake mara kumi. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi ipo, Sura ya 293, lakini anayekamata ni dalali wa mnada mwenye leseni. Na kwa nyumba zilizo chini ya jopo, hata dalali hasogei mpaka jopo litoe ruhusa.

#8 Karani Mstaafu

Mama amemjibu vizuri. Ndugu yangu wa Kisumu Ndogo, sheria haikukuacha. Mpangaji naye ana ahadi zake, ziko kifungu cha 66: alipe kodi kwa wakati, atunze nyumba, asimpangishe mwingine bila idhini yako, na akitoka arudishe nyumba kama alivyoikuta, isipokuwa ule uchakavu wa kawaida wa kukaa. Taa zilizong'olewa si uchakavu.

Tatizo lako ni ule mwezi wa pili. Kodi ikipita mwezi mmoja bila kulipwa, mpe ilani ya maandishi ya kwamba unakusudia kuvunja upangaji, ukitaja deni na tarehe. Usingoje wa nne. Huruma uliyomfanyia ni njema na Mungu atakulipa, lakini ungeiandika: "nimekuongezea siku ishirini, deni ni kiasi hiki", mkasaini wote wawili. Ungekuwa na karatasi ya kumshtaki nayo hata akiwa amehamia Mtwapa.

Na kama humdai ila wamtaka ahame tu, upangaji wa mwezi kwa mwezi unavunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na notisi hiyo iishe siku ya kulipa kodi. Ukimpa tarehe 12 wakati kodi hulipwa tarehe 5, hesabu mwezi mzima halafu usogee hadi tarehe 5 inayofuata. Kesi nyingi huanguka kwa hesabu hii ndogo. Haya ni kwa nyumba zisizo za jopo. Zile za 2,500 kushuka chini, notisi peke yake haitoshi, lazima jopo liridhike kuna sababu ambayo sheria yenyewe imeitaja.

#9 Mwenye Nyumba Pia

Ahsante mzee. Hiyo ya ilani ya mwezi wa pili sikuijua. Nilidhani nikienda kwa chifu inatosha.

#10 Karani Mstaafu

Chifu na mzee wa mtaa ni watu wa kusuluhisha, na suluhu nyingi nzuri hutoka kwao bila gharama. Lakini chifu hana mamlaka ya kuandika kwamba mtu ahame, na barua yake haimtoi mtu.

#11 Duka la Sokoni

Nami nina swali, ila langu ni la duka. Nauza nguo karibu na soko la zamani, niko pale mwaka wa saba, hatuna mkataba wa maandishi. Juzi mwenye jengo amenitumia ujumbe wa WhatsApp: "Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao kodi ni 18,000, ukishindwa toka." Sasa nalipa 12,000. Nimeshindwa kulala.

#12 Karani Mstaafu

Lala. Duka lina sheria yake, Sura ya 301, ya maduka, hoteli na mikahawa, nayo humlinda mpangaji vizuri kuliko wa nyumba za kuishi. Upangaji wa duka usio na maandishi, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unahesabiwa ni upangaji wenye ulinzi. Mwenye jengo hawezi kuuvunja wala kubadilisha sharti lolote, na kodi ni sharti, ila kwa notisi ya fomu maalumu iliyowekwa na sheria, inayoitwa Fomu A, ya muda usiopungua miezi miwili, yenye kutaja sababu. Notisi isiyofuata utaratibu huo haina nguvu. WhatsApp yake ni salamu tu.

Akikupa Fomu A yenyewe, hapo usilale. Una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au unakataa. Ukikataa, fungua shauri katika Jopo la Kodi za Nyumba za Biashara kabla ya ile tarehe aliyoitaja haijafika. Ukishafungua, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Usipofungua, tarehe ikifika notisi inakushika hata kama ilikuwa ya dhuluma. Nimewaona wafanyabiashara wa miaka ishirini wakipoteza maduka kwa sababu waliiweka ile fomu kwenye droo wakingoja waitwe wazungumze.

#13 Duka la Sokoni

Mungu akuweke mzee. Nitaendelea kulipa 12,000 yangu na kuweka risiti.

#14 Fundi wa Makuti

Mimi ni fundi, sheria naisikia kwenu. Lakini kuna jambo nataka wenye nyumba walijue kutoka juu ya paa. Paa la makuti kwa upepo wetu wa bahari halikai miaka mingi. Mtu ananiita likiwa tayari lina matundu ya kuonyesha nyota. Ukikagua kabla ya masika, mwezi wa pili au wa tatu, unabadilisha safu chache. Ukingoja mvua inyeshe, maji yameshaingia kwenye ukuta wa udongo na sasa unajenga ukuta. Bati nalo kwa chumvi hii huanza kutoboka kwenye misumari kwanza. Tazameni misumari.

Swali langu: moto wa makuti ukipita, nyumba tano zikaungua, wapangaji wale kodi wanadaiwa? Nimeona mtu akidaiwa kodi ya chumba ambacho kimebaki nguzo.

#15 Mama Vyumba Sita

Fundi, hili nimelisoma kwa makini kwa sababu jirani yangu aliwahi kuunguliwa. Liko humo humo kifungu cha 65. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, ikawa haikaliki, kodi inasimama. Ikiwa imeharibika nusu na nusu inakalika, kodi inapungua kwa kadiri hiyo. Inarudi nyumba ikishatengenezwa. Na miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja.

Nakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, watu wa mabondeni walikaa shuleni na kwa ndugu zao huku kodi ikidaiwa kama kawaida. Laiti tungalijua sote, sisi wa kudai na wao wa kudaiwa.

#16 Binti wa Mkomani

Nawasalimu kutoka Lamu. Kwetu paa lina mambo zaidi. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko na chokaa, iko ndani ya Mji wa Kale ambao uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Tumempangisha mwalimu ghorofa ya juu. Boriti mbili zimeliwa na mchwa. Kaka yangu anataka kung'oa dari amwage zege haraka haraka. Kuna anayejua tunaruhusiwa?

#17 Karani Mstaafu

Bi, mzuie kaka kwanza. Mji wa Kale unalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, na kubadilisha jengo la humo kunahitaji idhini. Nendeni ofisi ya makumbusho inayosimamia uhifadhi wa mji kabla ya kugusa kitu. Lakini sikiliza na upande wa pili: kungoja idhini hakumfanyi mwalimu alale chini ya boriti iliyoliwa. Wajibu wenu kwake upo palepale. Mpeni chumba kingine salama, au mkubaliane kodi ipungue, mkaandike.

#18 Fundi wa Makuti

Na zege juu ya kuta za chokaa ni maradhi dada. Simenti haipumui, unyevu na chumvi vinabaki ndani ya ukuta na jiwe linaanza kumung'unyika. Boriti kwa boriti, chokaa kwa chokaa.

#19 Mjukuu wa Maweni

Mimi langu ni la Pwani hasa. Nyumba ni yetu, babu aliijenga, lakini ardhi si yetu. Kila mwezi tunamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, kama ilivyo kwa watu wengi hapa. Na sisi tumepangisha vyumba viwili. Sasa wapangaji wetu wakidai choo, tukiongeza choo mwenye ardhi anasema tunajenga bila ruhusa yake. Nani mwenye wajibu hapo?

#20 Karani Mstaafu

Hili ndilo jeraha letu, nyumba bila ardhi. Mizizi yake ni sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka kila mtu wa ukanda wa Pwani apeleke dai lake liandikwe. Waliopeleka wakapewa hati, na wengi ambao hawakupeleka, hasa Wamijikenda, wakageuka wageni kwenye ardhi waliyoilima. Watoto wao na wajukuu wao ndio leo wanamiliki kuta wasimiliki mchanga ulio chini yake.

Kwa mpangaji wako jibu ni fupi: anayepokea kodi ya chumba ndiye mwenye wajibu wa chumba. Mpangaji wako hana mkataba na mwenye ardhi. Kwa hiyo choo ni juu yenu. Mwombeni mwenye ardhi idhini kwa maandishi, mkieleza kuwa ni suala la afya, na akikataa mpelekeeni afisa wa afya ya umma barua hiyo ya kukataa, kwa sababu ilani ya kero inaweza kumfikia hata yeye.

Na mjue jambo moja la kuwakinga nyinyi. Tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, mwenye ardhi binafsi anayesema watu wamekaa kwake isivyo halali hawezi kuwaamshia tingatinga alfajiri. Lazima awape notisi ya maandishi ya miezi mitatu au zaidi, na nyinyi mna haki ya kwenda mahakamani kuipinga ndani ya muda huo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi.

#21 Mjukuu wa Maweni

Nimesoma mara mbili. Nitamsomea baba jioni.

#22 Mwenye Nyumba Pia

Na ushuru je? Nimesikia KRA, mamlaka ya ushuru, wanatafuta wenye nyumba. Mimi napata 31,000 kwa mwezi zote tatu zikijaa.

#23 Mama Vyumba Sita

Kaka, wewe umo. Kodi unayopokea kwa wapangaji wa nyumba za kuishi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unatozwa asilimia 7.5 ya unachopokea, bila kutoa gharama za matengenezo wala mkopo. Zamani ilikuwa asilimia 10, ilishuka Januari 2024. Unalipa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na nyumba ikiwa tupu unatozwa kwa ulichopokea tu. Kwa 31,000 ni 2,325. Mimi vyumba vyangu sita vikijaa ni 165,600 kwa mwaka, sifiki kiwango hicho, lakini pato naliandika katika ritani ya mwaka.

#24 Binti wa Mkomani

Mama, samahani nikuulize. Yule dada wa chumba cha tano yuko wapi sasa?

#25 Mama Vyumba Sita

Nilijua nitaulizwa.

Nilifungua chumba siku ile ile ya barua. Nilimkuta sokoni, nikampa ufunguo mbele ya wenzake, kwa sababu nilimfungia mbele ya watu na niliona ni haki nimwombe radhi mbele ya watu. Godoro nilimnunulia jipya. Wakili wake alisema hatalipeleka jambo mbele ikiwa paa litatengenezwa ndani ya wiki mbili na ile kodi iliyobaki ipunguzwe kwa siku ambazo chumba hakikukalika. Fundi alikuja siku ya nne. Tulikata ile kodi nusu.

Alikaa miezi miwili, kisha akahamia Maweni. Aliniaga vizuri, alifagia chumba na uani. Aliniambia mwanawe hakuwa akilala vizuri pale, akisikia mtu anagusa mlango usiku huamka. Hilo silisahau.

Sasa kila chumba kina kitabu cha kodi. Sheria ya nyumba hizi za chini ya 2,500 inataka kitabu hicho, nami nilikuwa sijui kwa miaka yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, mama alikuwa akisema hivyo kuhusu unga wa maandazi. Ndani naandika kodi, tarehe, na ukurasa wa nyuma ni wa malalamiko: mpangaji anaandika tatizo na siku aliyonieleza, mimi naandika siku fundi alipokuja. Ukurasa ule wa chumba cha pili sasa una mstari mmoja ambao haujajibiwa, komeo la bafu. Fundi anakuja Jumamosi.

#26 Duka la Sokoni

Allah akulipe kheri mama. Kusema hivi mbele za watu si jambo dogo.

#27 Mwenye Nyumba Pia

Mama naomba picha ya hicho kitabu, kurasa zote mbili. Nataka nipige chapa vitatu. Na mzee, dipoziti? Nachukua ya mwezi mmoja. Akihama na hana deni, naweza kuizuia kwa kupaka rangi?

#28 Karani Mstaafu

Dipoziti inafuata mlivyokubaliana, ndiyo maana iandikwe ni ya nini na itarudishwa lini. Kupaka rangi kwa sababu mtu amekaa miaka mitatu na rangi imefifia ni uchakavu wa kawaida, gharama yako. Dirisha lililovunjwa na mwanawe ni lake. Pigeni picha za chumba siku ya kuingia, mkiwa wote wawili, na kila mmoja abaki nazo kwenye simu yake. Na kwa nyumba za chini ya 2,500, hadhari na kile watu wanachokiita pesa za kilemba au za ufunguo, juu ya kodi. Sheria inakataza.

#29 Mama Vyumba Sita

Picha za kitabu nitaziweka kesho baada ya alasiri, kuna mwanga mzuri barazani.

#30 Mpangaji wa Muyeye

Wazee wangu, narudi na habari. Jana tulikwenda watano kwa afisa wa afya na picha. Leo asubuhi amekuja na pikipiki, ametazama karo, ameandika. Mwangalizi alijaribu kusema wapangaji ndio waliokataa kuchanga, tukamwonyesha barua yetu aliyoisaini mwenyewe wiki iliyopita pamoja na risiti za kodi za milango yote minane. Afisa ametoa ilani ya siku saba. Saa nane mchana mwenye nyumba amepiga simu kutoka Mombasa, mara ya kwanza tangu nihamie. Ameuliza gari la kunyonya linaweza kupita kwa geti la upande gani. Nimemwambia la nyuma, ila mti wa mwarobaini ukatwe tawi moja.